Enzi za Mjerumani, zizi la jirani lilipohamia shambani kwa kina Bibi, Mkonze

Wakuu, poleni na majukumu. Mlionizidi umri, shikamoni.

Leo nawaletea kisa cha kwetu. Si cha kutunga. Nikidanganya kwenye jambo la msingi, basi mvua ya kwanza msimu ujao inyeshe kwa majirani wote na ipite juu ya shamba langu bila hata kunisalimia. Kwa mtu wa Dodoma hakuna kiapo kizito kama hicho.

Kilichonifanya niandike ni semina. Juzi walikuja vijana wa kilimo hapa kwetu, vijana wazuri, wana adabu, wana projekta na maandazi. Wakatueleza kwamba ardhi iliyochoka inafufuka, ila wanaopakana wafanye kwa pamoja, maana maji ya mvua hayajui mpaka wa mtu.

Nikajikuta nacheka peke yangu. Aliyekaa jirani yangu akauliza, "Mzee, unacheka nini?"

Sikuwa nawabeza. Walisema kweli tupu. Nilimkumbuka Bibi yangu mzaa baba, Bibi Mbeleje, aliyenisimulia jambo hilohilo tukipukuchua karanga, mimi sijaota hata ndevu. Yeye alilishuhudia kwa macho yake, akiwa binti anayekaribia kuvunja ungo, enzi za Mjerumani.

Basi tulieni. Bando likiisha ongezeni, kisa ni kirefu kidogo.

Enzi hizo Mkonze haikuwa na viwanja na mabati kama leo. Ulikuwa mteremko mtupu wenye tembe chache, zile nyumba zetu za Kigogo za paa bapa la udongo, na zizi katikati ya ua. Nyuma yake kilima. Chini yake korongo la mchanga lenye maji siku za mvua tu.

Kwenye mteremko huo zilikuwepo kaya tatu zinazopakana. Zishikeni vizuri, kisa chote ni chao.

Juu kabisa, kilimani, alikaa Mzee Masaka. Huyu ndiye mwenye ng'ombe.

Katikati alikaa Ndahani. Mkorofi. Bibi alisema kisirani cha Ndahani kilikuwa kimetangulia kuzaliwa, yeye akafuata. Watoto walikuwa wanazunguka mbali ili tu wasipite mlangoni kwake.

Chini kabisa, karibu na korongo, alikaa Chilewa, baba yake Bibi, na mkewe na watoto. Bibi Mbeleje ndiye alikuwa mkubwa wao.

Sasa, Mjerumani alikuwa analeta reli. Reli inataka watu, na watu wanataka kula, na chakula kinataka kuni. Garimoshi lenyewe nalo likaja kutaka kuni zake. Kilima chetu kikanyolewa. Migunga ikaondoka, mikole ikaondoka, vikabaki visiki.

Mvua iliyofuata, maji hayakushuka yakitembea kama zamani. Yalishuka yakikimbia.

Yalipofika kwa Masaka yakaona njia ya ng'ombe, ile wanayopita kila siku kwenda kunywa. Yakaifuata. Njia ikawa mfereji, mfereji ukamwingia Ndahani shambani.

Ndahani hakuuliza mtu. Akakata miiba, akaipanga upande wa juu wa shamba lake, maji yakageuka. Yakageukia wapi? Kwa Chilewa. Tena sasa yamekusanyika yote pamoja, na mchanga wote wa juu yameubeba. Mtama uliokuwa umefika magotini ukazikwa ukiwa hai.

Na msinione namtetea Chilewa kwa sababu ni baba wa Bibi yangu. Naye alikata miiba akayasukumia maji kwa watu wa ng'ambo ya korongo. Watu hao wana malalamiko yao, tungewauliza wangetupa uzi mwingine.

Ndiyo ilikuwa akili yetu. Kila mtu alipigana na maji kwa kumtupia jirani yake.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na mchanga ukaongezeka. Chilewa na Ndahani wakaacha kusalimiana. Masaka aliwadharau wote wawili, maana yeye mali yake ina miguu. Ila na hao ng'ombe wakaanza kukonda, kilima hakikuwa na jani.

Kaya ya Chilewa ikaingia kwenye njaa hasa. Siyo njaa ya "leo sijala mchana". Njaa ya kuchemsha mlenda mkavu bila ugali, watoto wanakunywa ule ute wa majani yake na kulala.

Hapo ndipo alipokuja mjomba wake Bibi kutoka Bahi.

Huyu mjomba, jina lake Lesilwa, alikuwa kaka yake mama. Mbuga ya Bahi inashika maji, kwao mtama ulikuwepo. Alikuja na punda amebeba mtama na chumvi, zawadi, hakudai kitu. Alikuwa mtu mwema, na mkewe hakujaliwa mtoto.

Alipoona hali akamwambia dada yake mbele ya mumewe: "Dada, mvua ijayo ikiwakatalia tena, nitamchukua Mbeleje. Atakula kwangu. Atakuwa mwanangu."

Chilewa akamtazama mkewe. Halafu mama akasema, "Sawa."

Wakuu, naomba msimhukumu huyo mama. Wakati wa njaa watoto walikuwa wanapelekwa kwa ndugu wenye chakula, na kila mtu alijua maana yake. Mtoto akienda hivyo harudi. Atakulia huko, ataolewa huko, mahari yake italiwa huko. Kwenu atakuja kama mgeni, siku za msiba. Lakini mtoto aliye hai Bahi ni bora kuliko kaburi lake Mkonze. Mama alipiga hesabu hiyo akaimaliza moyoni mwake.

Bibi alikuwa amejibanza nyuma ya kilindo cha nafaka, akasikia yote. Alisema kilindo chenyewe kilikuwa kitupu, sauti ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Alikuwa anacheka akisimulia hapo. Mimi sikuwahi kuweza kucheka.

Basi msimu ule mmoja ndio ulikuwa umebaki. Shamba likisimama, binti anabaki. Likilala, binti anapanda punda.

Sasa niingize somo kidogo kwa wasiotoka huku.

Sisi Wagogo tunajua kitu kimoja kuhusu mahame. Mahame ni pale watu walipokuwa wanakaa wakahama. Tembe inabomoka, lakini pale palipokuwa na zizi, mavi ya ng'ombe ya miaka na miaka yameiva ardhini. Ukilima hapo, mtama unatoka mweusi kwa afya. Tumbaku unapanda hapo. Mahame hugombewa kama bibi harusi mzuri. Kila mtu anajua, na enzi hizo kila mtu alikuwa anafanya jambo moja: anangoja mtu ahame.

Mama yake Bibi alikuwa akienda kuteka maji anapita kwenye mahame fulani ya zamani. Mvua zile zilizozika shamba lake, aliona pale kwenye mahame maji yanazama. Hayakimbii. Mchanga unakuja unakwama kwenye mabua na majani, unatulia.

Kisima chao kilikuwa kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa kibuyu, unangoja maji yajikusanye. Wanaume walikuwa hawasalimiani, lakini kisima kilikuwa kimoja, na kungoja maji kunataka maneno. Pale walikutana wanawake watatu: mama yake Bibi, mke wa Ndahani na mke mkubwa wa Masaka.

Siku moja mama yake Bibi akawauliza, "Hivi kwa nini tunangoja mtu ahame ndipo shamba lake lishibe?"

Mke wa Masaka akasema, "Una maana gani, mwenzangu?"

"Tuhamishe zizi. Watu tubaki."

Bibi alikuwepo pale, anakinga kibuyu. Alisema wale wenzake walimtazama mama kama mtu aliyepigwa na jua. Kisha mke wa Ndahani, ambaye naye shamba lake lilikuwa limebaki mifupa tu, akaanza kucheka taratibu. Akasema, "Mume wangu atatuua." Kisha akaongeza, "Lakini mume wangu ameitwa kwenye reli."

Ni kweli. Jumbe, yaani yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani, alikuwa amepita akikusanya wanaume wa kwenda kubeba udongo wa tuta la reli. Ndahani na Chilewa wakapelekwa pamoja. Masaka aliachwa kwa uzee.

Niwape kichekesho hapohapo. Ndahani na Chilewa walipangwa chungu kimoja cha kupikia. Hawasemezani! Mmoja anasonga ugali, mwingine anatazama pembeni, kisha wanakula. Kiangazi kizima. Aliyewaona alileta habari nyumbani, wake zao wakacheka mpaka wakakaa chini.

Huku nyumbani kazi ikawa kwa Masaka. Mkewe alimweleza, akakataa palepale. Alisema ng'ombe wanaolala nje ya tembe ni ng'ombe wasio na mwenyewe. Na fisi je? Na heshima yake je? Zizi la mtu liko katikati ya ua wake, mgeni akiingia analiona.

Mkewe akamwambia, "Heshima gani? Wamekonda mpaka unaweza kutundika kibuyu kwenye nyonga zao."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

Mapatano yakawa hivi. Kilima kifungwe, asiingie ng'ombe wala shoka, visiki viachwe vichipue. Kwa kuwa Masaka atapoteza hata yale majani machache ya kule, mabua ya Ndahani na ya Chilewa yasichomwe moto kama desturi ya kusafisha shamba. Ng'ombe wayale baadhi, mengine yabaki yamelala ardhini. Na usiku ng'ombe walale shambani, ndani ya boma la miiba litakalohamishwa kila mavi yakienea. Wanawake na watoto watakata miiba. Vijana wa Masaka watalinda.

Masaka akasema, "Nitajaribu. Fisi akila hata ndama mmoja, tumemaliza."

Wakaanza kwa Ndahani, maana ndiye aliyepakana na Masaka. Mke wa Ndahani aliruhusu kwa niaba ya mumewe, kama serikali ya mpito.

Hapo kukatokea kikwazo ambacho nadhani kingewakwamisha watu wengi. Maji yalihitaji kuzuiwa kabla ya mvua, yaani ilitakiwa kuchimba. Lakini kwa desturi yetu, jembe halikuwa linagusa ardhi mpaka mtemi, mwenye mvua yake, atoe dawa na ruhusa ya msimu. Ukitangulia, mvua ikigoma wewe ndiye uliyeifukuza. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba lawama hiyo, na mimi nisingekuwa tayari vilevile.

Basi wakafanya bila jembe. Mawe yakaokotwa kwa mikono. Miiba na mabua vikalazwa kukata mteremko, mstari juu ya mstari, siyo kuyafukuza maji bali kuyachelewesha. Watoto walibeba mawe mpaka Bibi akasema vichwa vyao vilikuwa bapa kama paa la tembe.

Siku wanaume waliporudi kutoka kwenye reli, Ndahani akakuta ng'ombe wa Masaka wamelala shambani kwake.

Bibi alisema kelele zilisikika mpaka korongoni. Masaka aliniletea maji, sasa amenihamishia na ng'ombe! Akaelekea kwenye boma la miiba ili alibomoe.

Mkewe hakubishana naye. Alimwambia neno moja tu, "Kanyaga."

Akakanyaga pale ng'ombe walipokuwa wamelala kabla hawajasogezwa. Akakanyaga tena. Akainama, akachukua fumba la udongo, akalifikicha, akalinusa. Kisha akaingia ndani akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake asubuhi alionekana anabeba mawe. Na aliyapanga vizuri kuliko wanawake, kwa sababu kule relini alikuwa ameona wanavyopanga mawe mahali maji yanapovuka. Tuseme hiyo ndiyo faida pekee aliyorudi nayo.

Chilewa naye akaona. Akaanza kupanga ya kwake kutokea chini. Wakawa wanapanga kuelekeana, na bado hawasemezani.

Sasa wakuu, twendeni mahali ambapo mambo yote yalitaka kuvunjika.

Mvua zikiwa karibu, jumbe akaja na askari. Kambi ya vibarua wa reli inataka nyama. Kila mwenye ng'ombe atoe. Masaka, kwa kuwa alijulikana ni tajiri, angetoa wengi. Na Masaka alikuwa ameshasema waziwazi: wakianza kumchukulia, atawaswaga wote waliobaki usiku huohuo awapeleke mbugani mbali. Alikuwa na haki. Lakini boma la miiba lilikuwa bado halijafika kwa Chilewa. Ng'ombe wakiondoka, shamba la Chilewa linabaki mchanga, na Mbeleje anapanda punda.

Siku hiyo ng'ombe walikuwa bado kwa Ndahani. Masaka hakuwepo. Jumbe akasimama penye miiba, akauliza, "Hawa wa nani?"

Yule askari alikuwa na kiboko mkononi, na watu walikuwa wanaijua hamsa ishirini ya Mjerumani, vile viboko ishirini na vitano. Ndahani angeweza kusema tu, "Wa Masaka." Lingekuwa jibu la kweli. Hakuna ambaye angemlaumu. Tena Masaka ndiye aliyeanza kumharibia shamba, na Chilewa alikuwa hasemezani naye. Alikuwa na kila sababu.

Bibi alikuwa kando na mzigo wa miiba kichwani. Anasema alisahau hata kuutua.

Ndahani akasema, "Wangu ni yule."

Akaingia bomani akalitoa dume lake. Alikuwa nalo hilo moja, alilichanganya na ng'ombe wa Masaka apate kulishiwa. Ndilo alilokuwa anamwekea mwanawe aje kuolea. Akamkabidhi askari kamba. Akasema, "Huyu ana nyama. Hao wengine watazameni wenyewe, watawafia njiani."

Jumbe akawatazama wale wengine. Kweli walikuwa mifupa. Akaona aibu ya kupeleka mizoga kambini, akachukua dume, akaondoka.

Mke wa Ndahani alilia. Lilikuwa dume la mwanawe. Akamuuliza mumewe kwa nini.

Ndahani akajibu, na maneno haya Bibi alikuwa ananirudishia kila mara kama vile anasali: "Chilewa nilishampelekea mchanga. Sitampelekea na njaa."

Nimeishi na majirani wengi, wengine ni watu wa ibada kunizidi. Sijui wangapi wangelitoa lile dume. Sijui kama mimi mwenyewe ningelitoa.

Masaka alipopata habari hakutoa hotuba. Aliswaga ndama jike mmoja mpaka kwa Ndahani, akamwambia amtunzie. Kwa desturi yetu, ukipewa ng'ombe kumtunza, maziwa ni yako na undugu umeanza. Na ng'ombe hawakwenda mbugani. Zizi la miiba likashuka mpaka kwa Chilewa.

Mtemi akatoa ruhusa, watu wakapanda.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja mchana. Ilikuja kwa hasira, kama zile mbili zilizopita. Kaya zote tatu zilitoka nje zikasimama kutazama mteremko, hakuna aliyejikinga. Maji yakafika kwenye mstari wa kwanza yakapungua mbio. Wa pili yakapungua tena. Mabua yakawa yanashika mchanga, maji yanajipenyeza taratibu.

Kisha sehemu moja ikabomoka. Pale pale mpakani mwa Ndahani na Chilewa.

Ndahani akawahi na gogo la mgunga kutoka juu. Chilewa akawahi kutoka chini. Wakajikuta wameshika gogo moja, huyu huku yule kule, maji yanawapiga magotini.

Ndahani akafoka, "Shika vizuri, wewe!"

Chilewa akafoka, "Nimeshika!"

Basi. Ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya muda wote ule. Hayo ndiyo yalikuwa maridhiano, hakuna kikao, hakuna mbuzi aliyechinjwa. Wanawake wakajaza mawe, gogo likashika.

Msimu ule haukuwa wa ajabu. Sitaki kuwadanganya kwamba maghala yalipasuka. Kuna sehemu mchanga ulikuwa mwingi mno, mtama ulitoka dhaifu. Ndege nao walikula sehemu yao. Lakini pale ng'ombe walipolala, mtama ulisimama mweusi, na Chilewa alipata cha kuwafikisha mvua nyingine.

Kitu ambacho Bibi alikisimulia kwa furaha kuliko hata mtama ni mlenda. Ule mlenda wa porini, unaoota wenyewe, ulikuwa umepotea kwenye mashamba yale. Ukarudi. Haukupandwa na mtu. Mama yake aliuona katikati ya mtama, akachuchumaa, akaugusa kama anayehakikisha si ndoto. Na baadaye visiki vya kilimani vilipochipua na kuchanua, nyuki wakarudi kwenye mizinga ya kina Masaka, kanga wakaanza kusikika asubuhi. Hiyo ilichukua miaka. Ilibidi wagombane tena na tena kulinda kile kilima, na safari moja Masaka mwenyewe alikamatwa ameingiza ndama. Walimpiga faini ya pombe, wakainywa naye.

Mavuno yalipoingia ndani, mjomba Lesilwa akafika kutoka Bahi na punda wake, kama alivyoahidi.

Mama yake Bibi alimshika kaka yake mkono, akampeleka kwenye kilindo, akamfungulia. Mjomba akaingiza mkono, akaona mtama umemfika kwenye kiwiko.

Bibi alisema uso wa mjomba ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Alifurahi, na alihuzunika. Alikuwa ameshamwandalia binti mahali pa kulala. Akamshika Mbeleje kichwani, akasema, "Baki na mama yako." Akaondoka na punda mtupu. Bibi mpaka anazeeka, kila akivuna, alikuwa anatuma chakula Bahi kwa mjomba yule, na mjomba alipofariki akawa anatuma maua ya maneno kaburini, maana alikuwa hamtaji bila kumwombea.

Mjomba alipokwisha kutokomea, Bibi alibaki amesimama uani. Hajui afanye nini na mikono yake.

Tangu siku ile ya mapatano na mjomba, mama yake alikuwa hajamgombeza hata mara moja. Akivunja kibuyu, mama ananyamaza. Akichelewa kisimani, mama ananyamaza. Alikuwa anamlea kama mgeni anayekaribia kuaga, na Bibi alisema ukimya ule ulimuumiza kuliko njaa.

Sasa mama akatoka ndani, akamkuta amesimama.

"Wewe Mbeleje! Umesimama hapo kama mgeni, maji atateka nani? Mvivu mkubwa wewe!"

Bibi akachukua kibuyu akakimbia kuelekea korongoni, analia kwa sauti, na anacheka. Amerudi nyumbani, na hakuwa ameondoka.

Wakuu, kisa chenyewe ndicho hicho.

Nilichojifunza si kigumu. Ardhi ya mtu mmoja haiponi peke yake. Unaweza kuweka mbolea, ukapanda miti, ukafanya kila ulichoambiwa semina, lakini kama wa juu yako ameachia maji na wa chini yako humjali, mnajisumbua wote. Na mnapopatana msingoje mpendane kwanza. Kina Ndahani walianza kazi wakiwa bado wamenuniana. Kupendana kulikuja baadaye, kukiwa kumepakaa matope.

Kilima kile leo kina nyumba na viwanja, na mvua zikija maji yanashuka yanakimbia tena, yanaingia vyumbani kwa watu. Kila mmoja amejenga ukuta wa kuyasukumia kwa mwenzake. Naona, nasikitika.

Najua kuna mtu ataandika "chai", yaani uongo mtupu. Kuna mwingine atasema "weka picha". Mkuu, enzi hizo waliopigwa picha ni Wajerumani na faru waliowaua. Picha niliyonayo ni uso wangu.

Maana Bibi Mbeleje alipofika umri wa kuolewa, alichumbiwa na kijana wa shamba la katikati. Mahari ilitoka kwa yule ndama jike wa Masaka, aliyekuwa amezaa na kuzaa. Yule mkorofi Ndahani, ambaye watoto walikuwa wanazunguka kumkwepa, ndiye baba wa babu yangu. Jina lake ndilo ninalotumia, na kisirani wanasema ninacho.

Haya, nawasikiliza. Wewe jirani yako wa juu ni nani, na mara ya mwisho mlisemezana lini? Niandikieni hapa chini, na wenye hasira mje tu, mtanikuta.